Kilo Moja, Bei Mara Mbili: Historia ya Ndege Ndogo Zinazoruka Mahali Pafupi

Najua ukurasa huu umekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilipata kakazi kadogo pale uwanja wa Wilson, hako kakazi kakanitoa kwenye msimbo kakanitupa kwenye historia ya ndege, na sasa sina budi kuwapitisha nanyi njia hiyo hiyo. Wale waliokuja hapa kusoma habari za hifadhidata wanisamehe. Wiki ijayo nitawarudia.

Kazi yenyewe kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Jamaa mmoja ana ndege aina ya Piper Super Cub, ile yenye viti 2, kimoja mbele na kingine nyuma, anayoitumia kuhesabu wanyama na kupiga doria upande wa Tsavo. Alitaka programu ya simu. Rubani anaingiza uzito wa abiria, lita za petroli, mizigo, kimo cha uwanja na joto la siku, kisha programu inamwambia kama uzito unaruhusiwa na atahitaji mita ngapi kabla magurudumu hayajaachana na ardhi. Wikendi 2 nikawa nimemaliza. Uzito wa ndege ikiwa tupu niliutoa kwenye takwimu za kiwanda: kilo 422. Nikampelekea fundi wake aijaribu, mzee ambaye ameshika spana tangu kabla sijazaliwa.

Akaangalia skrini, akacheka kidogo.

"Kijana, hii ndege uliipima lini?"

"Sikuipima, mzee. Nimechukua namba ya kiwandani."

"Namba ya kiwandani ni ya ndege iliyo kiwandani. Hii ilitoka huko kabla ya Uhuru."

Kesho yake tukaipima. Mizani 3: mbili chini ya magurudumu makubwa, moja chini ya mkia ambao uliinuliwa juu ya kigoda mpaka ndege ikalala sawasawa kama iko angani. Jumla ikawa kilo 503. Yaani kilo 81 zaidi ya nilizoandika mimi, na hakuna mtu aliyeweza kuniambia zote ziliingia lini. Kama umewahi kurithi programu iliyoandikwa na watu 6 kabla yako, unaijua hali hiyo. Kila mmoja aliongeza kitu kidogo chenye sababu nzuri, na hakuna aliyetoa chochote.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa Super Cub yenye injini ya nguvu za farasi 150 ni kilo 794. Toa 422, inabaki 372. Matangi yakijaa ni lita 136 hivi, na petroli ya ndege ina karibu kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo toa kilo 98. Watu wawili wa kilo 80, toa 160. Programu yangu ingemwambia rubani kwamba bado ana kilo 114 za kupakia. Ukweli wa mizani ni kwamba alikuwa na kilo 33. Angeniamini, angeruka na kilo 81 zisizoruhusiwa, kutoka kwenye uwanja wa vumbi wenye miti mwishoni, saa nane mchana. Usiku huo sikulala vizuri. Nikaanza kusoma.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba kwenye ndege inayoruka mahali pafupi, kila kilo inalipiwa mara mbili. Bawa hubeba kulingana na mraba wa kasi. Ukiongeza uzito kwa asilimia 10, ndege lazima ifikie kasi kubwa zaidi kabla haijapaa, na hilo peke yake linaongeza umbali kwa asilimia 10 hivi. Hiyo ndiyo bei ya kwanza. Halafu injini ni ile ile na sasa inasukuma mzigo mzito zaidi, kwa hiyo inachelewa kufika kwenye hiyo kasi mpya. Asilimia 10 nyingine juu ya ile ya kwanza. Kwa makadirio, umbali unafuata mraba wa uzito: 1.1 mara 1.1 ni 1.21. Waliosoma sayansi ya kompyuta wataitambua sura hii mara moja, na wataiogopa.

Hewa nayo inakuja na mraba wake. Wilson iko mita 1,690 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Februari wenye nyuzi 27, hewa ya pale ina kama asilimia 78 tu ya uzito wa ile hewa sanifu ya pwani ambayo wahandisi hutumia kuandika vitabu vyao. Bawa linapata hewa haba ya kushika, na injini isiyo na turbo inapata hewa haba ya kuunguza. Kiwanda kinasema Super Cub iliyojaa hukimbia mita 61 tu ardhini kabla ya kupaa. Kwa hesabu hiyo ya kimakadirio, Wilson mchana huo inahitaji kama mita 100. Hapo bado sijaweka kilo 81 zangu.

Sasa historia. Tangu mwanzo watengenezaji walikuwa na njia 3 tu za kufupisha mbio za ardhini: bawa libebe zaidi kwa kasi ndogo, injini ivute zaidi, au ndege yenyewe ipungue uzito. Kila ndege nitakayoitaja hapa ni mchanganyiko tofauti wa hizo tatu.

Ya bawa ilianza na mtu aliyeanguka. Mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, rubani kijana wa Kijerumani aitwaye Gustav Lachmann alipoteza kasi akiwa hewani, bawa likaacha kubeba, akaanguka. Akiwa kitandani hospitalini alikuwa na muda wa kufikiri kuhusu jambo lililokaribia kumuua. Bawa likielekezwa juu kupita kiasi, hewa inayopita mgongoni mwake inachoka na kuachana nalo. Je, ukiacha ufa mwembamba karibu na ukingo wa mbele, hewa ikapenya kutoka chini na kuipa nguvu ile iliyochoka juu? Mwaka 1918 aliomba hataza. Ofisi ikakataa, ikiona kwamba bawa lenye ufa haliwezi kubeba vizuri. Kumbe huko Uingereza Frederick Handley Page naye alikuwa anaufikia ufa ule ule kwa njia yake mwenyewe. Majaribio yaliyofanywa Göttingen kwa Profesa Ludwig Prandtl yakaonyesha Lachmann alikuwa sahihi, hataza ikatoka, na badala ya kuburutana mahakamani, hao wawili wakaelewana. Mwaka 1929 Lachmann akaenda kufanya kazi katika kampuni ya Handley Page. (Hebu fikirieni kampuni 2 za programu zikifanya hivyo leo. :-) )

Kile kibao chembamba kinachotangulia ukingo wa mbele wa bawa na kutengeneza huo ufa ndicho marubani wanachokiita slati. Kikumbukeni, kitarudi tena na tena.

Ndege iliyoonyesha dunia kile ambacho slati inaweza kufanya ni Fieseler Fi 156 ya Ujerumani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936. Waliipa jina Storch, yaani korongo, na ukiiona huhitaji kuuliza kwa nini. Miguu yake ni mirefu, na ikiwa hewani inaning'inia chini kama ya ndege huyo anayekuja kutua. Slati zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye urefu wote wa bawa, hazitoki wala hazirudi. Nyuma ya bawa kulikuwa na flapu kubwa, vile vibao vinavyoshushwa ili bawa lishike hewa zaidi. Bawa lilikuwa na mita 14.25 kutoka ncha hadi ncha, kwa ndege ya uzito wa tani 1.3 hivi na injini ya Argus ya nguvu za farasi 240. Iliweza kuruka kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, na ikipata upepo wa mbele ilitua ndani ya mita 20 au zaidi kidogo. Ile miguu mirefu haikuwa pambo. Ilimruhusu rubani aipige ardhi kwa nguvu bila kuvunja kitu, na ilisimamisha pua juu ili bawa liwe kwenye pembe nzuri ya kubeba tangu ndege ikiwa bado chini.

Bei yake? Kasi. Storch ikijitahidi sana ilifika kilomita 175 kwa saa. Bawa kubwa lenye slati zisizofungika ni kama kukimbia ukiwa umefungua mwavuli. Waliamua kulipa, na nadhani walilipa kwa akili, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubeba ofisa mmoja na barua kutoka shamba moja la viazi hadi lingine.

Tarehe 12 Septemba 1943 Storch moja ilifanya safari ambayo kila kitabu cha ndege hizi huisimulia, na mimi naisimulia kwa sababu ya uzito tu. Benito Mussolini alikuwa amezuiliwa katika hoteli ya Campo Imperatore, kwenye mlima wa Gran Sasso nchini Italia. Wanajeshi wa Ujerumani wakashuka na nyiririko zisizo na injini, wakamchukua. Wa kumtoa alikuwa rubani Heinrich Gerlach, ambaye alitua na Storch kwenye mteremko wenye mawe karibu na hoteli. Rubani mmoja, abiria mmoja, hesabu inakubali. Hapo akatokea Otto Skorzeny, ofisa wa SS, pande la mtu lenye urefu wa zaidi ya mita 1.9, akashikilia kwamba naye lazima apande. Gerlach alikataa. Skorzeny akang'ang'ania, na akapanda.

Campo Imperatore iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Eldoret uko karibu kimo hicho hicho, ila Eldoret ina lami ya kilomita 3 na nusu. Kwa kimo hicho hewa sanifu ina asilimia 81 ya uzito wa ile ya pwani, kwa hiyo hewa peke yake ilikuwa imeshaongeza mbio za Gerlach kwa nusu nzima. Mtu wa kilo 90 hivi juu ya hapo ni asilimia 7 ya uzito, karibu asilimia 14 ya umbali. Wanajeshi waliondoa mawe waliyoweza, wakaishikilia ndege huku injini ikinguruma, wakaiachia. Iliruka-ruka juu ya mawe, ikafika mwisho wa mteremko bila kasi ya kutosha, ikatumbukia bondeni. Gerlach akaielekeza pua chini, akanunua kasi kwa kimo, akaisawazisha. Walifika Pratica di Mare salama. Nimesoma watu wakisema hiyo inaonyesha ubora wa Storch. Mimi naona inaonyesha kwamba kulikuwa na bonde. Kungekuwa na ukuta wa miti kama kule kwa jamaa yangu, hadithi ingekuwa nyingine.

Huku Marekani walikuwa wanatafuta jibu kwa upande wa pili, upande wa ufukara. Mwaka 1938 kampuni ya Piper, iliyokuwa Lock Haven, Pennsylvania, ilitoa J-3 Cub: mabomba ya chuma yaliyofunikwa kitambaa, uzito mtupu kilo 345 hivi, na injini ambayo ilikuja kutulia kwenye nguvu za farasi 65. Haikuwa na stata. Haikuwa na betri. Mtu alisimama mbele akazungusha propela kwa mkono na kuomba Mungu. Haikuwa na redio wala taa. Sidhani kama waliiita falsafa. Pesa hazikuwepo, basi.

Super Cub ya mwaka 1949 ni mtoto wa hiyo. Bawa lina ukubwa ule ule, mita za mraba 16.6, lakini katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa na injini ya Lycoming ya farasi 150 na flapu. Nilipoweka namba zake kando ya zile za Storch, nilisimamisha kikombe cha chai hewani. Storch ikiwa imejaa inabeba kilo 51 kwa kila mita ya mraba ya bawa, na kila farasi anavuta kilo 5.5. Super Cub: kilo 48 kwa mita, kilo 5.3 kwa farasi. Ndege mbili zisizofanana hata kidogo, moja nzito karibu mara 1.7 ya mwenzake, zimefika karibu mahali pamoja. Tofauti ni kwamba moja ilifika huko ikiwa na slati, miguu ya korongo na silinda 8, na nyingine ilifika kwa kutokuwa na vitu.

Na hapo ndipo wenyewe wakaanza kuziwekea vitu. Marubani wa Alaska, wanaotua kwenye kokoto za mito na juu ya barafu, ndio waliofanya Super Cub iwe kama mfumo huria, kila mtu na toleo lake. Angalieni magurudumu. Tairi pana laini zenye kipenyo cha inchi 31 zinameza mawe na mashimo, na zinainua pua kidogo ili bawa liwe kwenye pembe nzuri. Lakini ni nzito, na hewani zinaburuta kama ndoo mbili. Angalieni propela. Kiwanda kilitoa ile ya safari. Alaska walipenda ndefu ya inchi 82 yenye mkunjo mdogo, ambayo ni sawa na kufunga gari gia ya kwanza daima: unapaa haraka, halafu safari nzima unaifanya kwa mwendo wa kobe huku injini ikilia. Stata ya zamani ilikuwa na kilo 8 hivi, za sasa zina chini ya nusu. Betri ya lithiamu ina theluthi ya uzito wa ile ya risasi. Ukisikia hivyo unafikiri, basi badilisha tu. Ngoja kwanza. Kwenye Super Cub nyingi betri iliwekwa nyuma kabisa, kuelekea mkiani, na uzito wake unasaidia kusawazisha pua. Ukiweka injini kubwa mbele na betri nyepesi nyuma, kitovu cha uzito kinasogea mbele, na siku ya kufunga breki kwa nguvu kwenye uwanja mfupi ndege inataka kusimama kwa pua. Kwa hiyo uzito una swali la pili kila mara: uko wapi?

Kitu kilichonishangaza zaidi ni rangi. Kitambaa kikichakaa kinavuliwa na kubadilishwa, lakini kati ya hapo watu hupaka juu ya rangi ya zamani. Tabaka kwa tabaka. Fundi aliniambia asilimia kubwa ya kilo zetu 81 pengine ni tairi, kiti kilichoimarishwa, redio, na "rangi ya kila mwenye ndege aliyewahi kuoa". Sikumwelewa mpaka alipoeleza kwamba mmoja aliipaka upya kwa ajili ya picha za harusi.

Wengine hawakutaka kuishi hivyo. Otto Koppen, mhandisi wa MIT, na Lynn Bollinger wa Harvard, walirusha mwaka 1949 ndege iliyokuja kuwa Helio Courier. Slati zake zilitoka zenyewe kwa shinikizo la hewa ndege ikipunguza mwendo, na kurudi zenyewe ikikimbia. Hakuna mota, hakuna swichi. Hapa unapata bawa la polepole na bawa la haraka kwa pamoja. Wamisionari waliipenda, majasusi wa Marekani kule Laos nao wakaipenda, jambo linaloonyesha ni watu gani hutua mahali pasipo na uwanja. Lakini ilikuwa ghali na yenye vipande vingi, na zilitengenezwa 500 hivi tu. Super Cub zilitengenezwa kwa maelfu.

Wajerumani nao baada ya vita walirudi na Dornier Do 27, iliyoruka mwaka 1955, na hii inatuleta nyumbani Afrika Mashariki. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliinunua moja, wakaipaka mistari ya pundamilia, wakaiendesha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Serengeti ili wahesabu wanyama. Wakahesabu zaidi ya 360,000 mwaka 1958. Kazi hiyo inahitaji ndege iende polepole chini sana kwa saa nyingi, kisha itue popote palipo na nyasi fupi. Do 27 ilikuwa na slati zisizofungika kama za Storch, na injini ya Lycoming ya farasi 270 hivi. Tarehe 10 Januari 1959 Michael akiwa peke yake aligongana na tumbusi, ndege ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Hakuna kifaa kwenye orodha yoyote ya vifaa ambacho kingemsaidia. Naitaja kwa sababu jamaa yangu wa Tsavo anafanya kazi ile ile, kwa kimo kile kile, na tumbusi bado wapo.

Jibu la tatu, la wepesi mtupu, lililetwa mwaka 1986 na Chris Heintz, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi wa Concorde. Kutoka ndege ya abiria inayozidi kasi ya sauti hadi kijindege cha bati cha kujijengea gereji! Zenith CH 701 yake ina uzito mtupu wa kilo 263 hivi, na kikomo cha kilo 500. Ilikuja kupata injini ya Rotax 912 ya farasi 80, na baadaye 100. Slati zimefungwa moja kwa moja. Flapu na vile vibao vya kupinda kulia na kushoto vimefanywa kitu kimoja. Mkia wa wima wote ni usukani. Kila mahali ambapo mwenzake angeweka bawaba na waya, Heintz aliuliza kama kunaweza kusiwe na kitu. Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo ndiye ninayempenda zaidi kati ya hawa wote, siwafichi.

Hata hivyo wapo wenye 701 ambao wameng'oa zile slati na kubandika badala yake safu ya vipezi vidogo juu ya bawa, vyenye uzito wa gramu chache, vinavyoivuruga hewa ili isiachane na bawa. Wanadai wameongeza kasi ya safari bila kupoteza sana kwenye kutua. Wengine wanaapa kwamba slati haina mbadala. Mabishano hayo yamedumu miaka mingi, na yana harufu ile ile ya mabishano yetu kuhusu vi na Emacs.

Halafu kuna waliorudi kwa Cub wakaanza kuikwangua. Mwaka 2004 Marekani iliweka daraja jipya la ndege nyepesi, kikomo kilo 600. Mwaka 2009 kampuni ya CubCrafters ya Yakima ikatoa Carbon Cub: umbo la Super Cub, kilo 406 hivi ikiwa tupu, injini ya farasi 180. Kila farasi anavuta kilo 3.3. Rudini juu muone Storch ilikuwa na ngapi.

Ndugu zetu walioko Dubai huenda waliiona dada yake kwa macho. Tarehe 14 Machi 2023, Luke Czepiela wa Poland alitua na Carbon Cub juu ya jengo la Burj Al Arab, kwenye kile kibao cha helikopta chenye upana wa mita 27, mita 212 juu ya ardhi. Alisimama baada ya mita 20.76. Ndege ilikuwa imepunguzwa hadi kilo 425, na tangi la petroli limehamishiwa nyuma. Sasa mnajua kwa nini: ili aweze kubana breki kwa nguvu zote bila mkia kuinuka. Ni swali la betri lile lile.

Nilimwonyesha fundi video hiyo. Akaitazama mara 2, akaniuliza: "Maji yake ya kunywa yako wapi?"

Ilikuwa siku ambayo tulikuwa tunaivua ile Super Cub. Tulitoa redio ya zamani ya kutafutia mwelekeo ambayo mtambo wake wa ardhini ulizimwa, pamoja na nyaya zake zilizokuwa zimepita hadi mkiani. Tukatoa zulia. Ndani ya mkia tulikuta kiota cha ndege, mchanga wa kutosha kujaza kopo la kilo 2, na spana namba 13 ambayo mzee aliitambua. Stata mpya, propela tukaiacha. Tairi kubwa tukaziacha, kwa sababu mawe ya huko hayasomi blogu. Nilipendekeza tuondoe pia dumu la maji la lita 10, koleo na kizima moto kilichokuwa nyuma ya kiti. Rubani alinitazama kama niliyetukana mama yake. Mwaka uliopita alikaa siku moja na nusu karibu na mto mkavu akisubiri kipuri, akaishi kwa lile dumu na kulitumia lile koleo. Vikabaki.

Mizani ya mwisho: kilo 482. Tulirudisha kilo 21. Kwa matangi kujaa na watu wawili, sasa ana kilo 54 za mizigo, dumu na koleo vikihesabiwa humo. Kama anataka zaidi anaacha petroli, na programu inamwonyesha ataishia wapi akifanya hivyo.

Nimeongeza sehemu moja kwenye skrini ya kwanza: tarehe ndege ilipopimwa mara ya mwisho. Ikiachwa tupu, au ikizidi miaka 3, programu haikokotoi chochote. Rubani ameshanipigia simu mara mbili kulalamika kwamba inamchelewesha. Fundi amenipigia mara moja, kuuliza kama naweza kuiweka kwenye simu ya mwenye ile ndege nyingine iliyoegeshwa kando.